Namna ya Kufuatilia Historia ya Askari wa Keya kwa Kutumia Nishani Zake

Anayetaka kujua babu yake aliyekuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, alipigana wapi, atambue kwanza kama nishani iliyobaki ni ya Vita vya Kwanza au vya Pili vya Dunia. Nishani ya fedha yenye mpanda farasi na miaka 1914 na 1918, pamoja na ile ya shaba yenye mwanamke mwenye mabawa, huwa zimechongwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Zile za Vita vya Pili walizopewa askari wetu zilitolewa bila jina, na inasikitisha kuona nyota ya shaba imesuguliwa kwa majivu na limau mpaka maandishi yake yamefifia, kwa kutafuta jina ambalo halikuwahi kuwekwa.

Ikiwa ni ya vita vya kwanza, usiisafishe hata kidogo. Isogeze karibu na dirisha ili mwanga uiangukie kwa upande, izungushe polepole, uipige picha ukingo mzima, kisha unakili kila herufi na nukta kama ilivyo, hata kama jina limekosewa. Makarani waliandika walivyosikia, kwa hiyo Athumani wa nyumbani kwenu anaweza kuwa Asmani au Osman katika orodha, tena bila jina la ukoo mnalolitumia leo. Kwa jina hilo na namba yake, tafuta katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, ambako kadi za nishani zimo katika fungu la WO 372 na orodha za waliopewa katika WO 329. Jina likikosekana kwenye kadi, usihitimishe kwamba hakuwa askari. Jaribu orodha, na jaribu tahajia nyingine.

Ukoo ukishikilia kwamba mzee alikuwa askari wa Mjerumani ilhali nishani ni ya Mwingereza, si lazima mmojawapo awe amekosea. Batalioni ya 6 ya Keya iliundwa mwaka 1917 kwa kuwachukua askari wa Mjerumani waliokuwa wametekwa, na mtu mmoja aliweza kuvaa sare za pande zote mbili katika vita hivyo hivyo.

Kwa Vita vya Pili, nishani hukuambia mahali badala ya jina. Nyota yenye ncha sita iliyoandikwa "The Africa Star" kwa askari wa Keya mara nyingi huelekeza kwenye mapigano ya Somalia na Uhabeshi ya 1940 na 1941. Iliyoandikwa "The Burma Star" huelekeza Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944. Aliyepigana Madagaska mwaka 1942 hakupata nyota ya Afrika kwa safari hiyo, jambo linalowachanganya wengi. Jina na namba utavipata kwenye cheti cha kuachishwa jeshi. Nakili pia herufi zinazotangulia namba, kwani ni sehemu ya utambulisho wake. Ukishajua batalioni, shajara zake za vita zimo Kew, za Burma katika WO 172 na za Afrika Mashariki katika WO 169.

Hapa Dar es Salaam, ulizia Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ukitaja wilaya alikoandikishwa. Wazee wakikutajia "Kolito", wana maana ya kambi ya Lugalo, ambayo zamani iliitwa Kolito kwa ajili ya mapigano ya Mei 1941 huko Uhabeshi ambayo batalioni ya 6 ilishiriki. Kama alifia vitani, tafuta jina lake katika orodha ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, inayotunza makaburi ya Barabara ya Bagamoyo. Lakini askari Waafrika wengi wa vita vya kwanza hawakuandikiwa majina makaburini.

Unapoandika barua kwa ofisi yoyote, ambatisha picha za pande zote mbili za nishani na ukingo wake, tahajia zote za jina, kijiji na mwaka wa kukadiria kuzaliwa. Nishani yenyewe usiitume kwa posta.