Kutumia Bili za Hospitali Zisizolipwa Kutimiza Mchango wa Medicaid

Wengi wetu hapa Lamu tuna mzazi au ndugu aliyehamia Marekani, na akipiga simu huzungumzia bili za hospitali. Mwambieni asizitupe. Katika majimbo yenye utaratibu huu, mtu ambaye kipato chake kimezidi kiwango cha Medicaid, mpango wa serikali wa kulipia matibabu ya wenye kipato kidogo ulioanzishwa mwaka 1965, anaweza kutoa gharama za matibabu katika ziada hiyo, ambayo ndiyo mchango wake, mpaka iishe, na hapo akastahili kuingia katika mpango. Tuseme kipato ni dola 1,200 kwa mwezi na kiwango ni 900: bili ya dola 300 yatosha, hata kama hajailipa.

Bili ya zamani huweza kukubaliwa ikiwa bado anadaiwa kisheria na haijatumika katika hesabu ya awali. Sehemu iliyolipwa na bima nyingine haihesabiwi. Kwa hiyo aombe hospitalini taarifa mpya ya deni, yenye jina la mgonjwa, tarehe ya matibabu na kiasi kilichobaki, aiwasilishe kwa ofisa anayeshughulikia faili lake, na yeye mwenyewe abaki na nakala.

Deni lenyewe halifutiki. Mzee aelezwe hili kwa upole na mapema, maana bili iliyotumika kutimiza mchango hubaki juu yake.