Kutoka Vitz hadi Golf: namna ya kuchagua gari ndogo ya Ulaya iliyotumika, Unguja na Pemba

Mtu aliyezoea Vitz au IST akikaa kwenye Golf mara ya kwanza, moyo unakuwa umeshaamua. Mlango ukifungwa unasikia uzito wake, kiti kinashika mgongo, na njia ya kwenda Paje gari inatulia hata ukiongeza mwendo. Sina ugomvi na hilo. Gari hizi nazipenda, na kuzikagua na kuzitengeneza ndiyo kazi yangu. Lakini wengi wanaoniletea gari ikiwa inavutwa walichagua rangi, rimu na mwaka, wasiulize ndani mna giaboksi gani. Kwa sisi tunaoishi kisiwani, giaboksi ndiyo ya kuchagua mwanzo. Mengine takriban yote yanatengenezeka bila ya kuuza kiwanja.

Nitazungumzia zaidi Golf na Polo za petroli, zote mbili za Volkswagen, kwa kuwa hizo ndizo ninazozikagua sana, na nyingi huja kutoka Japani zikiwa na usukani wa kulia. Tahadhari hapo hapo: minada ya Japani ina gari za Ulaya zenye usukani wa kushoto pia, na bei yake hushawishi. Ziache.

Hatua ya 1: Chagua giaboksi kabla ya gari

Golf ya kizazi cha tano ilitoka mwaka 2003. Zilizouzwa Japani zikiwa na injini ya 1.6 FSI au 2.0 FSI zina otomatiki ya kawaida ya gia 6, yenye toki konveta, kama unayoijua kwenye Toyota. Kuanzia 2008 ikaingia injini yenye tabo, 1.4 TSI, pamoja na giaboksi ya DSG ya gia 7, ambayo mafundi tunaiita kwa namba yake, DQ200. Hiyo hiyo utaikuta kwenye Golf 6 nyingi, Golf 7 za 1.2 na 1.4, na Polo 6R, yaani Polo ya kizazi cha tano.

DQ200 si otomatiki ya Toyota, na hapa ndipo watu wanapoumia. Ndani mna klachi mbili kavu, sawa na klachi ya gari ya gia za mkono, ila anayeikanyaga ni kompyuta ikitumia mafuta yenye presha. Klachi moja inashika gia ya 1, 3, 5 na 7. Ya pili inashika 2, 4, 6 na rivasi. Kitengo kinachoziendesha kinaitwa mekatroniki. Klachi ya aina hii inakufa kwa kujikokota. Kila gari inapotambaa mita mbili ikasimama, klachi inashika nusu na kuteleza nusu, inapata moto, na hakuna oili ya kuipoza. Sasa iweke kwenye foleni ya Darajani jioni, au Mwanakwerekwe siku za kuelekea Sikukuu, daladala mbele yako inashusha kila hatua chache.

Volkswagen wenyewe walilazimika kulishughulikia. Mwaka 2012 waliongeza dhamana ya giaboksi hizi nchini China ikafika miaka 10 au kilomita 160,000. Novemba 2013 wakaziita gari milioni 1.6 duniani zitolewe oili ya sintetiki ya giaboksi na kutiwa ya madini, kwa sababu ile ya mwanzo, katika joto na unyevunyevu, iliweza kuleta hitilafu ya umeme. Joto na unyevunyevu ndiyo hali yetu ya mwaka mzima.

Ipo DSG nyengine, ya gia 6, namba yake DQ250. Klachi zake zimo ndani ya oili, kwa hivyo inavumilia zaidi, madhali oili na filta yake hubadilishwa kila kilomita 60,000. Utaikuta kwenye gari zenye nguvu zaidi, kama Golf GTI za kizazi cha tano na cha sita.

Rai yangu ni hii. Ukiwa Pemba, chukua Golf yenye toki konveta au ya gia za mkono. Njia za Chake Chake na Mkoani zina vilima, kuondoka kwenye kilima kunaila klachi kavu, na ikikushika huko spea itasubiri boti. Ukiwa Unguja na safari zako ni za masafa, tuseme Bububu hadi Mkokotoni, Golf 7 yenye DQ200 naikubali, ikipasi majaribio ya hatua ya 5 na ya 6, na ukiwa umeweka pembeni pesa ya seti ya klachi. Ukiwa unazunguka mjini tu kutwa nzima, sikushauri DQ200 hata ikiwa nzuri namna gani.

Kuhusu wenzake: BMW 1 Series ya 2004 hadi 2011 ina otomatiki ya kawaida, na hilo ni jema, lakini angalia uvujaji wa oili na mabomba ya plastiki ya maji, na ujue nyingi hazina tairi la spea kwa sababu zilitoka na matairi ya kukimbia bila upepo. Pancha ya usiku Makunduchi itakufundisha umuhimu wa kununua tairi la akiba. Mercedes A-Class ya 2004 hadi 2012, injini yake imelazwa chini ya sakafu. Kazi nyingi zinataka injini ishushwe. Ni gari ya raha, ila uwe na fundi anayeijua kabla hujainunua.

Hatua ya 2: Cheni au mkanda

Injini za TSI za mwanzo, 1.2 na 1.4 za Golf 6 na Polo 6R za awali, zina cheni ya taimingi, ile inayopatanisha mwendo wa valvu na pistoni, na inarefuka. Golf 7 ilikuja na 1.2 na 1.4 mpya zinazotumia mkanda, na tatizo la cheni likaondoka. Hiyo peke yake inatosha kunifanya niongeze pesa kidogo nichukue Golf 7.

Ile 1.4 ya farasi 160 ya Golf 6 Highline, yenye tabo na supachaja pamoja, iache. Pistoni zake hupasuka, na petroli yenye oktani ndogo huharakisha. Fungua kifuniko cha tangi usome: gari hizi zinataka oktani 95 au 98. Japani zilinyweshwa petroli ya daraja la juu. Uliza kituo unachojazia wanauza oktani ngapi kabla ya kununua gari, si baada.

Hatua ya 3: Ulizia spea kabla ya kumpigia muuzaji

Andika karatasini: seti ya klachi ya DSG, mekatroniki, koili moja, plagi nne, pampu ya maji na nyumba ya thermostati, maunting ya injini, shokapu za mbele, breki pedi, taa ya mbele. Pigia maduka mawili ya spea mjini na moja Kariakoo, Dar es Salaam. Uliza bei, uliza kipo au kinaagizwa. Ukiona zaidi ya nusu ya orodha inaagizwa, gari hiyo itakulaza chini wiki nzima kwa kifaa cha kubeba mkononi. Aliyezoea spea za Vitz, zinazopatikana hadi dukani mtaani, hesabu hii humshtua, na ni bora imshtue mapema. Mimi humwambia mteja abakishe angalau sehemu ya tano ya pesa yake bila ya kuigusa. Kama bei ya gari inamaliza kila kitu, ashuke daraja. Rahisi huvunja upishi, na hapa kinachovunjika ni giaboksi.

Hatua ya 4: Soma karatasi ya mnada na namba ya chesisi

Kama gari inaagizwa Japani, dai karatasi ya mnada yenyewe, si maelezo ya muuzaji. Daraja la 4 au 4.5 linafaa, R au RA maana yake iligongwa ikatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali paliponyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. S na C ndizo za kuziogopa: S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati. Gari ya upande wa Hokkaido imepita kwenye barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa theluji, na ikija hapa inaendelea kuliwa na chumvi ya bahari.

Kama inatoka Uingereza, omba namba yake ya usajili ya huko. Historia ya ukaguzi wake, unaoitwa MOT, inasomwa bure kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, pamoja na maili za kila ukaguzi. Maili zikirudi nyuma baina ya miaka miwili, maliza mazungumzo.

Namba ya chesisi nayo inasema. Kwenye gari za Volkswagen, herufi ya 7 na ya 8 zinataja modeli: 1K ni Golf 5 na Golf 6, AU ni Golf 7, 6R ni Polo. Ya 10 ni mwaka wa modeli: 8 ni 2008, 9 ni 2009, A ni 2010, B ni 2011, na kuendelea hivyo, D ikiwa 2013. Kisha inua zulia la nyuma, kwenye shimo la tairi la spea. Mna stika yenye herufi za utambulisho wa aina ya injini na ya giaboksi, ipige picha. Na ukiwa hapo pitisha mkono: maji kwenye shimo hilo ni dalili ya mipira iliyochoka, au ya gari iliyowahi kuogelea katika mvua za masika.

Hatua ya 5: Fika asubuhi, injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, omba siku nyengine.

Washa huku umesimama mbele, siyo ukiwa ndani. Cheni iliyorefuka hugongagonga sekunde chache za mwanzo kisha hunyamaza, na ndiyo maana wauzaji hupenda kuipasha gari mapema. Angalia moshi: wa buluu ni oili. Tafuta ukoko wa waridi kuzunguka pampu ya maji na thermostati. Hiyo ni kulanti iliyovuja na kukauka. Halafu ingia uvunguni na tochi. Gari iliyolala miaka mingi Nungwi au Jambiani, karibu na ufuo, huwa safi juu na imeoza chini. Gusa mabomba ya breki na fremu ya mbele kwa bisibisi.

Matairi yana tarakimu nne ubavuni: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Matairi mazee kwenye gari inayodaiwa kutembea kidogo yana maana yake, na usukani uliong'aa kwa kushikwa nao una maana yake.

Kisha jaribu barabarani, nusu saa kamili, AC ikiwa imewashwa. Nusu ya kwanza gari baridi, nusu ya pili moto, katikati ya foleni. Achia breki bila kukanyaga mafuta: DSG nzima inaanza kutambaa polepole bila ya kutetemeka. Ikitikisika baina ya gia ya 1 na ya 2, klachi imekwisha. Tafuta kilima, simama, ondoka. Rudi nyuma kwa rivasi ukipanda. Weka giaboksi kwenye hali ya kuchagua gia mwenyewe, uhesabu zote saba. Zikikosekana za shufwa pamoja na rivasi, au za witri peke yake, upande mmoja umeshakufa. Taa ya gia ikipepesa, usikubali kuambiwa ni betri.

Matuta nayo yatakusemesha: pita moja taratibu, magurudumu mawili kwa wakati mmoja, redio imezimwa. Mlio wa kugonga mbele ni bushi au shokapu, na hizo ni sababu ya kupunguza bei, si ya kuiacha gari.

Hatua ya 6: Kompyuta sahihi

Kifaa cha bei ndogo kinachosoma taa ya injini peke yake hakitoshi. Tafuta fundi mwenye VCDS au OBDeleven, ambavyo vinaingia ndani ya giaboksi. Mwambie asome makosa yaliyohifadhiwa *kabla* ya kufuta chochote. Namba za makosa P17BF na P189C ni za presha ya mekatroniki. Ukiziona, ama muuzaji anapunguza bei ya mekatroniki nzima, ama unaondoka. Kama hakuna kosa hata moja kwenye gari ya miaka kumi, uliza lini yalifutwa.

Hatua ya 7: Karatasi

Jina la kwenye kadi lilingane na la anayekuuzia, namba ya chesisi ilingane na ya kwenye gari. Kwa gari ya kuagiza, mpelekee wakala wa forodha namba ya chesisi na mwaka, akupe hesabu ya kodi kwa maandishi kabla hujatuma pesa Japani. Umri wa gari unaweza kupandisha kodi ukajikuta ile ya 2009 imekufikia kwa bei ya 2013.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza

Badilisha oili ya injini kwa yenye idhini ya VW 502 00, imeandikwa nyuma ya chupa. Idhini hiyo ina uzito kuliko jina la kampuni. Filta zote, plagi, kulanti ya rangi ile ile. Kwenye DQ200 hakikisha oili ya giaboksi ni ya madini. Hifadhi majibu ya kompyuta, na baada ya miezi mitatu yasomwe tena uyalinganishe.

Na ukiwa kwenye foleni, acha nafasi ifunguke mbele yako, kisha songa mara moja hadi ijae, badala ya kufuata kila hatua ya daladala. Kilimani ishike gari kwa breki, usiishike kwa mafuta.