Filamu bubu na kinanda cha moja kwa moja katika uwanja wa makumbusho Arusha

Ukitaka kuonyesha filamu bubu, zile za zamani zisizo na sauti, huku kinanda kikipigwa papo hapo, anza na mpiga kinanda, projekta itafuata. Arusha ina wapiga kinanda hodari makanisani, ila wengi wamezoea kusoma nota na kungoja mkono wa mwalimu wa kwaya. Hapa anayeongoza ni picha. Mpe filamu wiki tatu kabla. Aitazame mara ya kwanza bila kugusa kinanda, kisha muandae karatasi ya alama: dakika na sekunde, kinachotokea, muziki wa kupiga. Filamu ya saa moja hutosheka na alama 30 hivi. Tuni tano za msingi (shujaa, adui, mapenzi, mbio, huzuni) zikirudiwa kwa mwendo na ufunguo tofauti, watazamaji watazitambua wenyewe.

Mpigaji aizime midundo ya otomatiki ya kinanda. Mdundo ule hausimami mlango unapofunguliwa ghafla, na mpigaji huishia kuukimbiza badala ya kufuata picha. Tena asiogope kunyamaza: kinanda kinachopigwa saa nzima bila kupumua, masikio huacha kukisikia.

Kabla ya kuandika alama, hakikisha mwendo wa filamu. Filamu bubu nyingi zilipigwa kati ya picha 16 na 24 kwa sekunde. Iliyopigwa kwa 16 ikichezwa kwa 24, saa moja inakuwa dakika 40 na watu wanatembea kama kuku wanaodonoa. Punguza mwendo kwenye programu ya kuchezea hadi 0.67. Ukirekebisha baadaye, dakika zote kwenye karatasi zitakuwa zimehama. Projekta iwe kwenye umbo la 4:3 (upana nne kwa kimo tatu), la sivyo sura zitavutwa na kunenepa. Zima pia sauti ya nakala: filamu inaweza kuwa haina tena hakimiliki, lakini muziki uliorekodiwa juu yake ukawa na mwenyewe.

Maandishi yanayotokea katikati yasomwe kwa Kiswahili, kwenye maikrofoni. Watu wetu wamezoea filamu zilizotafsiriwa ambazo msimuliaji haachi kusema. Hapa asome maandishi tu, basi. Mpigaji ashushe sauti kwa pedali kila yanapotokea, na wafanye mazoezi pamoja walau mara mbili.

Uwanja wa Makumbusho ya Elimu Viumbe, kwenye Boma la zamani la Wajerumani, unafaa. Omba mapema ruhusa ya makumbusho na kibali cha Bodi ya Filamu. Epuka masika, Machi hadi Mei. Jua huzama karibu saa 12:30 jioni, lakini usianze kabla ya saa 1:15 usiku, picha itakuwa imefifia. Skrini ya upana wa mita 3 inataka projekta yenye mwanga wa lumeni 3,500, na ikiwa uwiano wake (umbali gawanya kwa upana wa picha) ni 1.5, ikae mita 4.5 kutoka kwenye skrini.

Kinanda kikae pembeni, mpigaji aione skrini bila kupinda shingo, na taa ya nota ifunikwe upande wa skrini. Kinanda, projekta na spika vichukue umeme kwenye soketi moja. Vikitenganishwa, spika huvuma. Jenereta ikae mita 30 nyuma ya jengo. Kinanda kipitie kwenye UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika), maana umeme ukikatika sekunde moja tu, sauti zote alizopanga hurudi mwanzo. Na Julai vidole hukakamaa kwa baridi: mpe chai ya moto nusu saa kabla, na jaketi lisilobana mikono.