Namna ya Kupimwa Ugonjwa wa Jongo na Kuielewa Asidi ya Yuriki

Kipimo cha damu kinachoonyesha asidi ya yuriki nyingi hakithibitishi peke yake kwamba mtu ana jongo, yaani ugonjwa wa maumivu ya viungo unaoletwa na chembe za asidi hiyo, na kinachoonyesha kiwango cha kawaida hakimwondolei ugonjwa huo. Namwomba kila msomaji wa Lamu, Shela, Faza au Malindi alishike jambo hili kabla ya kuingia maabara, kwa kuwa mtu anaweza kumeza dawa kwa miaka bila kuwa na jongo, na mwingine akarudishwa nyumbani akiwa nao.

Asidi ya yuriki ni taka inayobaki mwili unapovunja purini, yaani kemikali zilizomo ndani ya seli zetu wenyewe na ndani ya chakula. Takriban theluthi mbili hutolewa na figo kwa njia ya mkojo, na iliyosalia hupitia matumboni. Inapozidi kiasi cha miligramu 6.8 kwa desilita ya damu, huanza kushindwa kuyeyuka, na baada ya muda mrefu chembe zake nyembamba kama sindano huweza kujikusanya viungoni, hasa miguuni, ambako joto la mwili ni dogo. Hata hivyo, wengi wenye kiwango cha juu hawaugui jongo maisha yao yote.

Kabla ya kwenda hospitali, andika habari za maumivu yako: kiungo gani kilianza, saa ngapi, yalichukua muda gani kufikia kilele na siku ngapi kutulia. Jongo hupenda kuanza ghafla, mara nyingi usiku, kwenye shina la kidole gumba cha mguu. Maumivu hufika kileleni ndani ya saa 24 na hupoa baada ya wiki moja au mbili hata bila dawa. Mwanamke aeleze pia kama hedhi imekoma, kwa sababu kabla ya hapo ugonjwa huu huwa nadra kwake. Chukua dawa zote unazotumia, pamoja na vifuko vyake, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha zinazoongeza mkojo, aspirini ya kiwango kidogo na pirazinamidi ya kifua kikuu hupandisha asidi hii. Kuhusu chakula, taja maini, figo, dagaa, kamba, bia na soda zenye sukari, lakini usikubali lawama yote iwekwe juu ya kitoweo cha baharini, kwa maana kwa wagonjwa walio wengi tatizo kubwa ni figo kutotoa asidi ya kutosha.

Kipimo cha damu kina wakati wake. Kiungo kinapowaka, asidi katika damu huweza kushuka hadi ikaonekana ya kawaida, hivyo jibu zuri la siku hiyo halitoshi. Omba kipimwe tena wiki mbili au zaidi baada ya maumivu kwisha. Soma pia kizio kilichoandikwa kwenye karatasi, kwani maabara nyingine hutumia mikromoli kwa lita: miligramu moja kwa desilita ni karibu mikromoli 59.5, kwa hiyo ile 6.8 huandikwa kama 404, na tarakimu hiyo kubwa isikutishe bure. Kipimo cha kazi ya figo kifanywe pamoja na hiki.

Uthibitisho wenyewe umo katika maji ya kiungo. Daktari huyavuta kwa sindano, kisha huyatazama kwa hadubini yenye mwanga uliochujwa maalumu, njia ambayo McCarty na Hollander waliieleza mwaka 1961. Chembe za yuriki zikionekana, jongo umethibitika. Maji hayohayo hupimwa vijidudu, na hapa nasisitiza kwa moyo wote: kiungo kilichovimba pamoja na homa kinaweza kuwa na usaha unaokiharibu kwa muda mfupi, na maambukizi huweza kuwepo pamoja na jongo. Mgonjwa wa namna hiyo, hata akiwa kisiwani Pate, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kiungo chenye moto kisipigwe chuku wala kuchanjwa, kwa sababu jeraha juu yake ni mlango wa vijidudu. Na badala ya kukikanda kwa maji ya moto, kipumzishwe na kuwekewa barafu iliyofungwa katika kitambaa.

Pasipo hadubini hiyo, daktari huamua kwa kuunganisha historia, umbo la uvimbe na vipimo vya damu vilivyorudiwa. Picha ya mawimbi ya sauti huweza kuonyesha utando wa yuriki juu ya gegedu, ilhali eksirei ya siku za mwanzo mara nyingi huonyesha uvimbe tu, maana mifupa hulika baadaye.

Ikiwa umekwisha kuandikiwa alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, usiiache wala kuibadilisha dozi wakati maumivu yamezuka bila kumwuliza daktari. Akishakuthibitishia ugonjwa na kukuanzishia dawa hiyo, damu hupimwa mara kwa mara na dozi hupandishwa taratibu mpaka asidi ishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita, yaani karibu mikromoli 360 kwa lita.