Namna ya kuandika maisha ya Shaftesbury bila kupotea kwenye tarehe na vyeo

Shaftesbury alikuwa mwanasiasa Mwingereza wa karne ya 17. Kabla hujaenda Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi Mohamed, au maktaba ya Chuo Kikuu Mlimani, nunua kaunta buku la kwaya mbili. Fungua kurasa mbili zinazotazamana, upige safu tano: tarehe kama ilivyoandikwa, mwaka kwa hesabu ya leo, jina lake wakati huo, nani anatawala, na alichopata au alichopoteza.

Jina hupoteza wengi. Mtu ni mmoja: Sir Anthony Ashley Cooper tangu 1631, Lodi Ashley tangu 1661, Earl (cheo cha kimwinyi) wa Shaftesbury tangu 1672. Kwenye faharasa ya kitabu tafuta A, C na S. Ukiishia S, utaruka miaka yake yote ya vita kati ya mfalme na Bunge.

Tarehe ni mtego mbaya zaidi. Waingereza wa karne ile walianza mwaka mpya 25 Machi, kwa hiyo Januari na Februari zilihesabiwa mwaka uliotangulia. Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa 30 Januari 1649, lakini hati za siku hizo zinasema 1648. Shaftesbury alikimbilia Uholanzi Novemba 1682, akafia Amsterdam Januari iliyofuata. Asiyejua hesabu hiyo atasoma "Januari 1682" na kumzika kabla hajakimbia. Siku iache ilivyo, sahihisha mwaka tu. Ila ukilinganisha na tukio la Ufaransa, ambako kalenda ilikuwa tofauti, ongeza siku 10 kwenye tarehe ya Kiingereza.

Safu ya tano ijaze kwa subira, maana hapo ndipo utakapompima. Ni rahisi kumwita bendera fuata upepo: alipigania mfalme 1643, akahamia Bunge mwanzoni mwa 1644, akaingia baraza la Cromwell, aliyetawala baada ya mfalme kuuawa, kisha Mei 1660 akawa kati ya wabunge 12 waliotumwa Uholanzi kumwalika Charles wa Pili, mwana wa mfalme aliyeuawa, arudi kutawala. Lakini tazama wakati wa kila hatua. Alipomwacha mfalme, jeshi la mfalme lilikuwa limetoka kushinda sehemu kubwa ya magharibi mwa Uingereza, na yeye aliacha vyeo. Mwisho wa 1654 aliacha kuhudhuria baraza, Cromwell akiwa bado imara. Mwaka 1673 alinyang'anywa cheo cha Lodi Chansela, yaani mkuu wa sheria wa mfalme, akageuka mpinzani, na kati ya 1679 na 1681 akaongoza juhudi za kumzuia James, ndugu Mkatoliki wa mfalme, asirithi kiti. Zilishindikana. Kwa ushahidi huo, mimi simuiti mroho wa vyeo.

Usimtakase pia. Sheria ya 1679 ya kuzuia mtu kufungwa bila kufikishwa mahakamani aliipigania, nawe iandike kwa herufi kubwa. Mstari unaofuata andika kwamba alikuwa na hisa katika Royal African Company, iliyouza Waafrika utumwani. Yote mawili yakae ukurasa mmoja.