Kumtuliza Mwanafunzi Msumbufu Bila Kiboko
Tangu Sheria ya Watoto ya Uganda iliporekebishwa mwaka 2016, adhabu ya viboko imekatazwa shuleni, na mwalimu mwenye darasa lililofurika hana budi kutafuta njia nyingine. Mwanafunzi akianza kupiga soga wakati wa somo, usimfokee kutoka ubaoni. Endelea kufundisha huku ukimsogelea taratibu, kisha uguse daftari lake kwa kidole, na mara nyingi atashika kalamu bila wenzake kujua lolote. Akirudia, mwite faraghani baada ya kipindi, umuulize kwanza kama amekula, kwani nimewaona wengi wakisumbua kuanzia saa tano kwa sababu ya njaa tu. Kanuni za darasa zitungwe pamoja na wanafunzi wenyewe, wiki ya kwanza ya muhula.