Mtoto mchanga ananyonya lakini uzito haupandi: kagua na urekebishe, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mtoto aliyezaliwa baada ya mimba kutimia, mwenye umri wa chini ya wiki sita, anayenyonya titi pekee, na ambaye mizani imetoa jibu lisiloridhisha. Njiti ana mpango wake mwingine, na aufuate ule aliopewa hospitalini.

Kabla ya yote mtazame mtoto mwenyewe. Hataki kabisa kunyonya? Amelegea na haamki hata akivuliwa nguo? Anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kinabonyea anapovuta pumzi? Joto limefika nyuzi 38, au limeshuka chini ya 35.5? Anatapika majimaji ya kijani, amepata degedege, au manjano yamefika kwenye viganja na nyayo? Dalili moja tu kati ya hizo inatosha: apelekwe hospitali sasa hivi, na haya mengine yasubiri.

Hatua ya 1: Hakikisha uzito wenyewe ni wa kweli

Mpime akiwa uchi, bila nepi, kwenye mizani ileile, baada ya kuirudisha kwenye sifuri. Nepi iliyolowa peke yake inaweza kuzidi gramu 100, na hiyo ni sawa na anachoongeza mtoto kwa siku tatu hadi tano. Mizani mbili tofauti nazo haziaminiki kulinganishwa. Ukibadilisha mizani, anza hesabu upya.

Karibu kila mtoto hupungua siku za mwanzo, na kwa kawaida hufika chini kabisa siku ya tatu au ya nne. Kujua amepungua kwa asilimia ngapi, chukua uzito wa kuzaliwa, toa uzito wa leo, gawanya kwa uzito wa kuzaliwa, zidisha kwa 100. Aliyezaliwa na gramu 3,200 na leo ana 2,980 amepoteza 220, karibu asilimia 7. Hapo unyonyeshaji ukaguliwe kwa makini. Akiwa na 2,850 amepoteza karibu asilimia 11, na huyo aonwe na mtaalamu siku hiyohiyo. Kama mama aliwekewa dripu nyingi wakati wa uchungu au upasuaji, sehemu ya uzito wa kuzaliwa ilikuwa maji, hivyo mtoto huonekana amepungua kuliko hali halisi. Lakini usiitumie hiyo kama kisingizio cha kutokagua.

Kosa la kawaida hapa ni kupima maendeleo kuanzia uzito wa kuzaliwa. Pima kuanzia siku alipofika chini kabisa. Yule wa 3,200 akishuka hadi 2,960 siku ya nne, kisha siku ya 12 akawa na 3,160, bado hajarudisha uzito wake, ila ameongeza gramu 200 kwa siku nane. Hiyo ni 25 kwa siku, na anakwenda vizuri. Kipimo cha kushikilia katika miezi mitatu ya kwanza ni gramu 20 hadi 35 kwa siku, na uzito wa kuzaliwa uwe umerudi kufikia siku 10 hadi 14.

Hatua ya 2: Soma nepi

Siku ya kwanza tarajia mkojo angalau mara moja, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu. Kuanzia siku ya tano ni mara sita au zaidi kwa saa 24, mkojo mweupe usio na harufu kali. Choo huanza cheusi na cha kunata, kikageuka kijani, na kufikia siku ya tano kiwe cha manjano na chepesi, mara tatu au zaidi kwa siku. Choo kikiwa bado cheusi siku ya tano, maziwa hayafiki tumboni vya kutosha, hata kama mtoto "anashinda titini". Vilevile alama ya rangi ya matofali kwenye nepi: siku mbili za kwanza haina neno, baada ya siku ya nne ni dalili ya upungufu.

Hatua ya 3: Tazama mnyonyo mmoja mzima, mwanzo hadi mwisho

Weka saa pembeni. Dakika 40 titini hazisemi chochote. Kinachohesabiwa ni kumeza.

Mtoto huanza na mivuto mifupi ya harakaharaka ya kuita maziwa. Yakishuka, mwendo hubadilika: anavuta kwa kina, kidevu kinashuka, kinatua kidogo, kisha unasikia kaumlio kepesi ka kumeza. Maziwa yakishakuwa yamejaa matitini, kila mvuto mmoja au miwili iambatane na mmezo, na hali hiyo iendelee kwa dakika kadhaa. Ukiona kidevu kinatetemeka tu, macho yamefumba dakika ya tatu, na mmezo ni wa kubahatisha, basi anachezea chuchu. Sauti ya kugonga ulimi, au mashavu yanayoingia ndani, maana yake hajalishika titi.

Angalia na chuchu inapotoka mdomoni. Ikiwa imebanwa bapa kama ncha ya lipstiki mpya, au ina mstari mweupe, ilikuwa inabanwa kwenye kaakaa gumu badala ya kufika nyuma ya mdomo. Hapo mama huumia na mtoto hapati, yote kwa sababu moja.

Hatua ya 4: Rekebisha namna anavyolishika titi

Mpakate tumbo lake likigusa lako. Sikio, bega na nyonga viwe kwenye mstari mmoja. Shika mgongo na mabega, usisukume kisogo, kwa sababu mtoto anayesukumwa kisogo hujirudisha nyuma. Pua ielekee chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, ngoja apanue kinywa kama anayepiga mwayo, kisha mlete kwako upesi, kidevu kikitangulia. Titi lisipelekwe kwa mtoto.

Akishika vizuri, kidevu kimezama kwenye titi, mdomo wa chini umebinuka nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Maumivu yakiendelea baada ya nusu dakika, ingiza kidole safi pembeni mwa mdomo, mtoe, rudia. Hata mara tano, rudia tu. Matiti yamejaa na kuwa magumu kiasi cha kumshinda? Kamua kidogo kwanza mpaka sehemu nyeusi ilainike.

Hatua ya 5: Ongeza mara, na mfanye ameze

Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Mpaka arudishe uzito wa kuzaliwa, asikae zaidi ya saa tatu mfululizo mchana, wala saa nne mfululizo usiku, bila kunyonya; mwamshe. Mtoto anayepata maziwa machache hulala sana kuokoa nguvu, na ndiyo maana "mtoto mpole, halii kabisa" ni sifa ya kutilia shaka wiki ya kwanza. Mvue abaki na nepi, msugue nyayo na mgongo. Usingoje kilio, kuchezesha ulimi na kupeleka mkono mdomoni ndiko kuomba.

Akivuta bila kumeza, libonyeze titi: kidole gumba upande mmoja, vidole vingine upande wa pili, karibu na kifua na mbali na chuchu. Bana kwa nguvu isiyoumiza, shikilia wakati anameza, achia akiacha kumeza, sogeza mkono. Hata hilo likishindwa kuleta mmezo, mhamishie titi la pili, na unaweza kurudi la kwanza.

Hatua ya 6: Kamua baada ya kunyonyesha

Maziwa yanayobaki titini hupunguza kasi ya kutengenezwa mengine. Kwa hiyo, wakati mtoto hajaweza kulimaliza titi, limalize wewe: dakika 10 hadi 15 baada ya minyonyo mingi ya siku, pamoja na mmoja wa usiku. Kwa mkono, weka gumba na kidole cha shahada sentimita mbili hadi tatu nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Vidole visitelezeshwe juu ya ngozi. Mwanzoni yatatoka matone. Ongezeko huchukua siku kadhaa, kwa hiyo usihukumu kwa mkamuo wa kwanza.

Hatua ya 7: Mwongezee, kwa kipimo

Mtoto aliyepungukiwa anahitaji chakula leo, huku maziwa ya mama yakipandishwa. Kwanza yaliyokamuliwa, yasipotosha, maziwa ya mama mwingine yaliyopimwa usalama, au maziwa ya kopo ya watoto wachanga yaliyochanganywa kama maelekezo yanavyosema, bila kuongeza maji. Maji, glukosi na dawa za tumbo hujaza tumbo bila kujenga mwili.

Kwa siku za mwanzo kipimo cha mlo mmoja ni kidogo: mililita 5 hadi 15 siku ya pili, 15 hadi 30 siku ya tatu, 30 hadi 60 siku ya nne. Baada ya wiki ya kwanza, mahitaji ya siku nzima ni takriban mililita 150 kwa kila kilo. Kliniki yenye mizani nyeti inaweza kumpima kabla na baada ya kunyonya akiwa na nguo zilezile. Kila gramu iliyoongezeka ni karibu mililita moja. Tuseme ana kilo 3, anahitaji 450. Akipata 40 mara nane, ni 320. Pengo ni 130, yaani mililita 15 hadi 20 baada ya kila mnyonyo. Mnyonyo mmoja ukipimwa haumsemei mtoto siku nzima, hivyo pima kadhaa.

Tumia kikombe kidogo: mtoto amekaa wima, ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike tu mdomoni naye ayarambe. Usimmiminie, atapaliwa.

Hatua ya 8: Rudi kwenye mizani

Baada ya saa 24 hadi 48, kisha kila siku chache hadi mwendo utulie. Akipanda gramu 30 au zaidi kwa siku, punguza nyongeza kidogokidogo, usiikate siku moja.

Anameza vizuri, anaongezewa, na bado hapandi? Tatizo linaweza kuwa la mtoto: moyo (hutoka jasho na kuhema anaponyonya), maambukizi ya mkojo, kaakaa lililopasuka lisiloonekana kwa haraka, utando mfupi chini ya ulimi. Na kama ni maziwa ya mama ambayo hayajajaa kufikia siku ya tano, daktari aulizwe kuhusu kipande cha kondo kilichobaki, damu nyingi iliyopotea wakati wa kujifungua, tezi ya thairoidi, upasuaji wa matiti wa zamani, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Kipande cha kondo husahaulika kwa urahisi; kikitolewa, maziwa mara nyingi hujaa ndani ya siku chache.